Mume, mke na mashua: miaka ya akina Hore juu ya Ziwa Tanganyika

Kuna wanandoa Ulaya na Marekani waliouza nyumba, wakanunua mashua ya tanga na kuzunguka visiwa vya nchi za joto miaka na miaka. Kwetu Uvira anayelala ziwani ni mvuvi wa ndagala, na yeye kusema kweli halali: anakesha na taa na wavu mpaka kunakucha. Hata hivyo Ziwa Tanganyika nalo limewahi kuwa na wanandoa wake wa mashua na kisiwa, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Walikuwa Waingereza, Edward na Annie Hore, pamoja na mtoto wao mdogo, Jack.

Edward alikuwa baharia kabla ya kuwa mmisionari. Alitumwa na London Missionary Society, akafika Ujiji mwezi Agosti 1878. Wakati huo Wazungu walikuwa bado wanabishana juu ya ziwa hili. Wapelelezi Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, na wana wa Mwami Maruta wakawaambia wazi kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Hata hivyo ubishi haukuisha Ulaya hadi Livingstone na Stanley walipokwenda kuuona mdomo wa mto huo mwaka 1871. Ilikuwa kama wenyeji walivyosema.

Likabaki swali la pili: maji yote hayo yanatoka ziwani kwa njia gani? Mwaka 1874 mpelelezi Cameron alifika Lukuga, upande wa Kalemie ya leo, akakuta mto umezibwa na majani na tope. Stanley naye alipita miaka miwili baadaye, na bado njia haikuwa wazi.

Ili kulijibu swali hilo Hore alihitaji chombo. Mitumbwi mizuri ya Ujiji ilichongwa kwa miti mikubwa ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Akatwaa mtumbwi mmoja mkubwa wa gogo, akauvalisha matanga, akauita Calabash. Kwa chombo hicho alipima pwani, rasi baada ya rasi. Si kazi ya mchezo katika ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470, ambamo upepo ukishuka milimani mawimbi husimama kama ya bahari. Mwaka 1879 aliingia Lukuga, akakuta kizuizi kimebomoka na maji yanakwenda kwa nguvu kuelekea mto Lualaba.

Jambo lingine alilofanya halikuwa na sifa nyingi, lakini ndilo linalotuhusu leo. Aliweka alama kando ya maji Ujiji, akawa anaangalia ziwa linapanda au linashuka. Kuanzia Machi 1879 hadi Agosti 1880 lilishuka karibu mita 3.

Kiti cha Annie

Mwaka 1881 Edward alikuwa Uingereza, na ndipo alipomwoa Annie Boyle. Safari yao ya kwanza ya kuingia bara pamoja ilimshinda Annie kwa maradhi. Walijaribu tena mwaka 1884. Safari hii Annie alikaa katika kiti cha magurudumu cha wagonjwa, ila njia za bara hazikuyataka magurudumu, hivyo kiti kilifungwa miti na kubebwa na wapagazi kwa zamu. Walitembea takribani siku 90 kutoka pwani hadi Ujiji, wakafika mapema mwaka 1885. Mwaka uliofuata Annie alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, na jina lake likajulikana. Waliombeba, mabega yao yakifanya kazi yote, majina yao hatuyajui kama tunavyolijua lake.

Makao yao yakawa kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi, upande wa Kongo ya leo. Annie alianza kufundisha watoto wa kike. Mume alikuwa kiguu na njia, maana misheni ilikuwa na mashua ya chuma, Morning Star, iliyobebwa vipande vipande kutoka Bahari ya Hindi na kuunganishwa Ujiji mwaka 1883. Kusini kabisa, Liendwe, meli ya Good News ilikuwa inajengwa. Ilishushwa majini mwaka 1885. Kwa hiyo mke wa baharia alibaki kisiwani wiki nyingi na mtoto, akisubiri tanga litokeze.

Wala yale maji hayakuwa ya amani. Ujiji ilikuwa soko la pembe na la watu, na watumwa walivushwa kutoka pwani yetu ya magharibi. Hore aliishi kwa maelewano na Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji, kwa kuwa bila yeye asingepata wapagazi wala njia ya barua. Anayeandika habari zao kana kwamba ni fungate ya visiwani anaacha nusu ya kisa.

Mwaka 1888 waliondoka Afrika. Jack alifariki mwaka uliofuata. Baadaye Edward alirudi baharini, katika meli ya misheni iliyohudumia visiwa vya Pasifiki, na familia ikahamia Tasmania.

Alama ya maji

Misheni ya Kavala ilifungwa, kazi ikahamishiwa kusini mwa ziwa. Good News haipo tena. Kilichobaki na faida ni zile namba za Ujiji, kwa sababu zinatuambia kwamba ziwa hili lina desturi ya kupanda sana na kushuka sana. Mto wa kutoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga. Ukizibwa na udongo huku mvua zikizidi, maji hurudi kwa watu wa pwani.

Uvira imeliona hilo kwa macho. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda, likaingia bandari ya Kalundu na kufukuza familia kwenye nyumba zao. Wengi walisema ni jambo lisilowahi kutokea. Limewahi: mwaka 1878 maji yalikuwa juu kuliko sasa, ndiyo maana Lukuga ikabomoka.

Mjini Uvira kuna kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, kinachotokana na kazi iliyoanza enzi za Wabelgiji. Wanasayansi wake wamefanya kazi katika vita na umaskini. Serikali ya jimbo na nchi nne zinazochangia ziwa hili ziwape mashua, mafuta na mishahara, wapime maji kila siku bila kukosa. Na wewe unayenunua kiwanja ufukweni kwa bei nafuu, kabla ya kutoa pesa waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi yalipopanda sana mwaka 1964, kisha jenga juu ya hapo.