Muhula Mpya Chuoni: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kushuka Voi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Mwanda anayesomea uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Wakati wa likizo anasaidia wazazi shambani, lakini mawazo yake yako Voi: anataka kujua namna ya kupasua mwamba bila kuhatarisha wachimbaji, na namna madini yanavyotenganishwa na mawe. Hamu hiyo ina sababu. Kaunti yetu inajulikana kwa vito vya tsavorite, na chuo hicho, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2016, hufundisha taaluma hiyo hapa nyumbani.

Hata hivyo, hamu peke yake haimwingizi mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Yapo mambo matatu ambayo mwanafunzi na mzazi wanafaa kuyakamilisha mapema.

Kusajili yuniti

Kulipa karo na kusajili yuniti ni mambo mawili tofauti. Katika vyuo vingi, mwanafunzi husajili yuniti zake kwenye tovuti ya chuo kila muhula. Asiyesajili anaweza kukosa jina lake kwenye orodha ya mtihani, hata kama alihudhuria vipindi vyote. Ni vyema kuhifadhi nakala ya fomu ya usajili.

Mkopo wa HELB

Bodi ya HELB iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Wengi hudhani kuwa mkopo ukishatolewa mara moja utaendelea wenyewe. Sivyo. Mwanafunzi anayeendelea hutuma ombi upya kwa kila mwaka wa masomo. Fedha za karo hupelekwa chuoni, na za matumizi humfikia mwanafunzi. Kumbuka hili ni deni: malipo huanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Basari

Basari ya NG-CDF hutoka kwa eneobunge, nayo ya kaunti hupitia wadi. Kwa kawaida fedha hizi hulipwa kwa chuo, si mkononi mwa mwanafunzi. Kwa hiyo jina na namba ya usajili kwenye fomu zilingane kabisa na zilizo chuoni. Namba ikikosewa, hundi inaweza kufika chuoni na salio la mwanafunzi lisipungue hata shilingi.

Mfanye hesabu pamoja

Kabla ya chuo kufunguliwa, mzazi na mwanafunzi waketi na taarifa ya karo. Tuseme karo ya muhula ni shilingi 30,000, mkopo umelipa 18,000 na basari 5,000. Familia inabakiwa na 7,000. Msihesabu basari iliyoahidiwa kama iliyolipwa. Salio likizidi uwezo wenu, mwanafunzi azungumze mapema na ofisi ya fedha ya chuo, asingoje wiki ya mtihani.

Wakazi wa Mwanda wanaohitaji maelezo kuhusu basari ya kaunti wafike katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Masuala ya HELB hushughulikiwa pia katika vituo vya Huduma Centre. Mkiyakamilisha haya mapema, mwanafunzi atapanda matatu ya Voi akiwaza masomo yake, si salio la karo.