Kambale ni mwenyeji, sato ndiye mgeni

Mfugaji wa samaki akikausha bwawa lake na kukuta kambale wanne wa urefu wa mkono mahali alipopanda perege elfu moja, hahitaji mtaalamu wa kumweleza kilichotokea. Kambale waliingia na maji ya mvua wakiwa wadogo, wakakua kwa kula vifaranga vya wenzao, na sasa wamejilaza topeni kama wenye nyumba. Mvuvi wa nyavu naye humlaumu kambale kwa miiba ya mapezi yake, ambayo hung'ang'ania nyuzi hadi wavu uchanike. Jikoni sifa hazipandi: hana magamba, ana ndevu, anateleza, ananuka tope. Ndiyo maana katika uwanda wa kati wa Tanzania wapo wengi wanaomhesabu kambale kuwa samaki wa bahati mbaya, anayeliwa pale sato anapokosekana. Naona hukumu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Tukimpima samaki kwa vigezo vya nchi yenyewe, yaani mvua yake, maji yake na asili ya viumbe wake, wa kuulizwa maswali ni sato.

Tuanze na maji. Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Ziwa Sulunga la Bahi hutanuka mvua zikinyesha, kisha husinyaa mpaka ng'ombe wanapita ambapo mitumbwi ilipita. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, hupokea kila mwaka udongo unaoletwa na mto Kinyasungwe Ndogo, na kina chake hupungua. Maji mafupi yakipigwa na jua la Oktoba huwa ya moto, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Hapo perege huanza kutweta juu ya maji alfajiri, na siku mbaya huelea. Kambale hana haraka. Ukimpasua kichwa nyuma ya mashavu utakuta kiungo chekundu chenye matawi mafupi yaliyosongamana, mfano wa kichaka kidogo kilichofungiwa chumbani. Hicho ndicho kinachomwezesha kupanda juu, kugugumia hewa kavu na kurudi chini akaendelea na shughuli zake. Usiku wa mvua anaweza hata kutoka majini na kupita kwenye majani mabichi akijiegemeza kwenye miiba ya mapezi, safari ambayo mwenye bwawa huigundua miezi mingi baadaye. Maji yakikaribia kwisha hujichimbia, na tope likibaki na unyevu naye hubaki hai. Si kama kamongo anayejitengenezea ganda la ute na kulala usingizi mrefu. Kambale ni mvumilivu tu. Mvua za kwanza zikifurika nyasini hutaga, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Samaki wa namna hii ameumbwa kwa nchi ya kiangazi kirefu.

Sasa sato, ambaye naye ni aina ya perege. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba wengi hudhani samaki huyo alikuwapo Ziwa Victoria tangu zamani. Hapana. Aliletwa ziwani humo miaka ya 1950, wakati mmoja na sangara, na perege wa asili wa ziwa, ngege, aliyewalisha watu wa kandokando kwa vizazi, leo amebaki katika orodha za viumbe walio hatarini kutoweka. Kutoka hapo sato alisambazwa kwa ndoo na malori kwenye mabwawa na mito ya nchi nzima, kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliochunguza maji mengi ya nchi hii na kuchapisha matokeo yao 2019 walikuta perege wa kuletwa karibu kila bonde la mto, na kazi za namna hiyo zimeonyesha pia kuwa sato huzaana na perege wa asili hadi damu zikachanganyika. Hasara yake haionekani kwa macho, kwa sababu samaki chotara hukaangika vizuri tu. Lakini Tanzania ina aina za perege zisizopatikana kwingine popote, akiwamo yule aliyezoea maji ya magadi ya Manyara, Eyasi na Kitangiri. Uwezo wa kuishi kwenye chumvi na joto, ambao siku moja mfugaji wa Singida au Bahi angeuhitaji, unaweza kuyeyuka kimyakimya kwa kumwaga ndoo moja ya vifaranga. Kambale hana kesi hiyo hapa. Katika bwawa la Mtera hakuletwa na mtu. Alikuwamo katika Mto Ruaha Mkuu kabla bwawa halijajengwa miaka ya 1970.

Atasema mwenye bwawa: sawa, ni mwenyeji, lakini amekula vifaranga vyangu. Ni kweli, na hapo ndipo watu huacha kufuatilia jambo lenyewe. Tatizo kubwa la perege wa bwawani ni wingi wao. Huanza kuzaa wakiwa na miezi mitatu hivi, wakazaa tena na tena, chakula kikagawanyika kwa maelfu, na mwisho mfugaji huvuna samaki wa ukubwa wa kijiko. Wafugaji wenye uwezo hununua vifaranga madume watupu. Asiye na uwezo huo anaweza kupata msaada kutoka kwa adui yake: kambale wachache wakiwekwa baada ya perege kukua kiasi cha kutomezeka, watakula vifaranga vinavyozaliwa humo humo, na perege wakubwa watapata nafasi ya kunenepa. Kambale huyohuyo aliyeingia mapema akawa mwizi, akiingizwa kwa wakati wake anakuwa askari. Naye hachagui sana chakula. Mashudu ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida si kitu cha kutafuta, huingia vizuri katika mchanganyiko wake.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Kumpa soko kiumbe anayesumbua ni kumpa watetezi. Sangara alichangia kupotea kwa aina nyingi za furu wa Ziwa Victoria, zinazokadiriwa kufikia 200, lakini viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza na kwingine, nani alibaki wa kumwita mharibifu? Samaki anayeleta dola huitwa rasilimali. Kwa nini basi tumtangaze kambale? Jibu langu ni kwamba uenyeji hupimwa kwa maji yaleyale, haubebwi kwenda kwingine. Afrika Kusini, handaki la Orange-Fish lenye urefu wa zaidi ya kilomita 80 lilipofunguliwa 1975, lilimpitisha kambale kwenye mito ambayo hakuwamo, na wenyeji wa huko wana haki ya kulalamika. India ilipiga marufuku ufugaji wake mwaka 2000 kwa sababu hizo hizo. Kwa hiyo kula kambale wa Mtera, Hombolo na Bahi ni jambo moja; kumbeba kwenye ndoo kumpeleka ziwa la magadi ambalo hakuwahi kuingia ni kurudia kosa la sato kwa samaki mwenye mdomo mkubwa zaidi.

Harufu ya tope si ya kambale peke yake. Inatokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya maji yaliyotuama, nayo hujikusanya kwenye mafuta ya samaki yeyote. Sato wa bwawa hilohilo atanuka vilevile. Dawa yake ni kumhamishia kwenye maji safi siku tatu hadi tano bila chakula. Kisha ni kazi ya mikono: vunja miiba ya mapezi kwanza isije ikakuchoma, msugue kwa jivu au chumvi mpaka ngozi iache kuteleza, toa matumbo, mkamulie ndimu. Suala la uchafu wa maji silipuuzi. Ustahimilivu unaomweka kambale hai wakati wa ukame humweka hai pia kwenye maji machafu, kwa hiyo kumwona akicheza si ushahidi kwamba maji ni salama. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179 katika sensa ya 2022, na maji yanayotiririka kutoka mjini hayaishii mjini. Kambale wa kwenye mtaro au bwawa la majitaka aachwe huko. Na kwa wanaofuata Mambo ya Walawi sura ya 11, wakiwamo Wasabato wengi, samaki asiye na magamba si chakula. Makala haya hayana neno la kuwaambia.

Linabaki suala la kumfikisha kambale sokoni. Kumkausha kwa moshi kunahitaji kuni, na uwanda huu hauna miti ya kuchezea. Sangara mwenye mafuta alikula misitu mingi kando ya ziwa kabla ya viwanda. Sato naye anayeletwa kutoka Mwanza hufika juu ya barafu, na kila saa ya safari mnunuzi anailipia. Kambale anaweza kusafiri akiwa ndani ya beseni lenye maji ya kufunika mgongo tu, au amefunikwa gunia lililoloweshwa, anavuta hewa ileile anayovuta dereva. Nijeria humuuza hivyo kila siku: mteja anaonyesha kidole, samaki anatolewa, anauawa mbele yake. Mama lishe wa Dodoma akipokea beseni hilo asubuhi hana haja ya kunusa wala kufunua mashavu kuangalia wekundu. Samaki bado anapiga mkia.