Hesabu ya Mikia: Kujitolea Ukingoni mwa Mto Tana

Msafiri atokaye Malindi kuelekea Garsen hupita katika nchi kavu yenye miiba na vumbi, hata nafsi yake ikamnong'oneza kwamba hapana huko aendako kitu kinachostahili taabu ya safari. Walakini akiisha kufika mtoni hukuta miembe, migomba na mikuyu mikubwa imesimama safu mbili, na baina yake maji mekundu ya udongo yapitayo taratibu, ambayo yametoka Mlima Kenya na Nyandarua na kusafiri kadiri ya kilomita 1,000 ili kuja kuonana na bahari karibu na Kipini. Katika nchi hii huja kila mwaka watu wasioitwa na mtu wala kulipwa na mtu, wenye darubini shingoni na daftari mkononi, wakisema kwamba wamekuja kujitolea. Nami nilikuwa mmoja wao, na yafuatayo ni yale niliyoyaona, pamoja na yale niliyojifunza juu ya wenyeji waliokuwa wakijitolea kabla yetu, ingawa wao wenyewe hawakulitumia neno hilo.

Kaskazini mwa Garsen, baina ya mji huo na Hola, kando zote mbili za mto zimeota vipande vya mwitu, vingine vidogo hata mtu hahitaji nusu saa kuvikata toka ncha hata ncha. Na humo ndimo waishimo hayawani wawili wasiopatikana pengine popote duniani, yaani mbega mwekundu wa Tana, na mangabei wa Tana mwenye shungi la nywele kichwani. Mwitu huo hauishi kwa mvua, kwa sababu mvua ya huko ni haba, bali huishi kwa maji ya mto yapenyayo chini ya ardhi na kwa mafuriko yaletayo rutuba. Na kwa hiyo mabwawa yaliyojengwa mbali sana huko juu, mathalan Masinga lililomalizika 1981, yana neno la kusema katika maisha ya kima asiyepata kuyaona. Hesabu iliyofanywa 1994 ilikisia mbega hao kuwa kati ya 1,100 na 1,300 tu, idadi ambayo ikiwa ya watu haitoshi kujaza vijiji vichache.

Serikali iliitenga sehemu ya mwitu huo kuwa hifadhi katika 1976, kadiri ya kilomita za mraba 169, kwa nia ambayo hapana awezaye kuilaumu. Lakini ndani ya mipaka hiyo walikuwamo Wapokomo, ambao babu zao walilima kingo zile wakati ambapo hapana aliyejua kwamba mbega wao ni adimu. Na katika miaka ya 1990, mradi uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia ulipokuja na shauri la kuwahamisha baadhi ya wakulima waende kukaa mahali pengine, waliona kwamba kima amepewa kwao, nao wamefanywa wageni wa kima. Shauri lilifika mahakamani, na katika 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi ile haikusimamishwa kwa mujibu wa sheria. Wengi waliopenda wanyama walifadhaika, wakidhani kwamba mashoka yatalia siku ya pili. Mimi nasema kwamba hukumu ile ilikuwa na faida moja ambayo haikutarajiwa: iliwafanya watu waulizane kama mwitu waweza kulindwa na wale wale walioambiwa kwamba ni maadui zake.

Jawabu halikuja kwa siku moja, wala halijatimia hata sasa. Lakini Wapokomo wa Ndera walifanya hifadhi yao ya jamii, wakachagua vijana wao wenyewe wa kuzunguka mwituni na kuangalia ni nani akataye na ni nani ategaye. Na ng'ambo ya mashariki, katika nchi ya Ijara, wafugaji Wasomali walikuwa wamekwisha kufanya hifadhi ya Ishaqbini kwa ajili ya hirola, paa mwenye alama nyeupe baina ya macho mithili ya miwani, ambaye naye ni katika wanyama walio karibu kutoweka. Sisemi kwamba hapakuingia fedha za wafadhili, maana ziliingia, na baadhi ya vijana wale hupata ujira. Bali nasema kwamba kijana mmoja mwenye ujira hafai kitu pasipo jirani kumi wasio na ujira wanaokubali kumwambia walichokiona.

Mmoja wa majirani hao ndiye aliyenichukua mwituni. Nilikuwa nimepangwa pamoja naye kuhesabu mbega, na nilimkuta alfajiri akishuka kutoka katika dungu lake, hajalala, kwa kuwa usiku kucha alikuwa akiamia mpunga wake usiliwe na viboko. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanawa uso mtoni huku jicho lake moja likiangalia mamba, kisha akachukua fimbo akatangulia. Hapakuwa na maneno mengi. Tulikwenda hatua chache, tukasimama tukasikiliza. Tukaenda tena, tukasimama. Mpaka akanionyesha kwa kidevu, si kwa kidole, mkuyu uliotikisika bila ya upepo.

Nilitoa darubini nikaanza kutafuta nyuso, na kila nilipoupata uso mmoja ukajificha nyuma ya jani. Mzee akanivumilia kitambo, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, hesabu mikia. Uso hujificha, mkia hauna akili hiyo." Nikaishusha darubini, nikatazama kwa macho matupu, na kweli mikia mirefu ilikuwa imening'inia chini ya matawi kama kamba za visima, kila mmoja mahali pake. Nikahesabu kumi na miwili, nikaandika. Yeye akasema kumi na wanne. Tulibishana kwa ishara za vidole, hata akaninyoshea fimbo kwenye majike wawili, ambao kila mmoja alikuwa amekumbatiwa tumboni na kitoto, na mikia ya vitoto hivyo ilikuwa imejizungusha viunoni mwa mama zao. Jike mmoja akaunyosha mkono kuchuma jani changa, nami nikaona lile ambalo nilikuwa nimelisoma tu vitabuni, kwamba mbega hana kidole gumba. Alilishika tawi kwa vidole vinne, kama mtu anayekokota kwa kulabu. Nilifuta kumi na mbili, nikaandika kumi na nne.

Tulipopumzika nilimwuliza mzee yule sababu ya kuacha usingizi wake kwa kazi isiyo na malipo, hali nyani na viboko humlia mazao yake. Nilitazamia maneno juu ya uzuri wa viumbe, kama yale tuyasemayo sisi tutokao mijini. Akanionyesha ukingo wa pili, mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa na ardhi imemeguka, akasema, "Mwitu ule ulikuwa hapo. Ukiisha huu wa kwangu, mto utahamia shambani." Tana ni mto wenye tabia ya kuhama, na wenyeji wanazo kumbukumbu nyingi za mkondo ulioamka mahali pengine. Kwa mzee yule kumlinda mbega na kuilinda migomba yake zilikuwa kazi moja.

Chini ya Garsen nchi hubadilika. Mto hujigawa, hujaa maziwa na mabwawa ya majani, na huwa delta, ambayo katika 2012 iliandikwa miongoni mwa ardhioevu za mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Huku kazi ya wenye kujitolea ni kuhesabu ndege wa majini, kazi ifanywayo Januari katika nchi nyingi za Afrika, na ambayo hapa Kenya huendeshwa na Makavazi ya Taifa pamoja na chama cha Nature Kenya, kilichoasisiwa 1909. Huingia mtumbwini watu watatu au wanne: mmoja hupiga pondo, mmoja hutazama, mmoja huandika. Kundi la yangeyange halihesabiwi mmoja mmoja. Hukatwa kwa macho mafungu ya makumi, na mwenye mazoea hukosea kidogo mno. Yumo humo hata mgeni mdogo wa rangi ya udongo, ndege wa matete ambaye hutaga katika vinamasi vya kusini mwa Iraki na huitwa kwa jina la Basra. Naye huja kupitisha kaskazi pwani kwetu, kama walivyokuwa wakija mabaharia wa mji huo, ila yeye haleti tende.

Mwaka ule ule wa 2012 ulioipa delta heshima ya Ramsar ndio ulioitia msiba, kwani Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walipigana juu ya mashamba, malisho na malka, yaani njia za kuwapitisha ng'ombe kwenda kunywa mtoni, na watu zaidi ya mia wakapoteza roho zao. Nalitaja hili kwa sababu mgeni ajaye kujitolea huweza, pasipo kujua, kupanda miti mahali ambapo ndipo malka ilipopita tangu zamani, akaondoka na picha nzuri akawaachia wenyeji ugomvi. Kwa hiyo ni adabu, na zaidi ya adabu ni usalama, kwanza kwenda kwa wazee wa baraza la Gasa upande wa Wapokomo, na kwa wazee wa Waorma upande wao, kunywa chai yao na kusikiliza. Chai hiyo yaweza kuchukua siku nzima, na si siku iliyopotea.

Karibu na bahari, Ozi na Kipini, hupandwa mikoko. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikaning'inia kama sigara ya kijani, hata ikidondoka ikajichomeka matopeni. Na wepesi huo ndio uwadanganyao wengi. Nimeona uwanja wa matope ambao kikundi cha wageni kilipanda miche mamia kwa asubuhi moja, kwa nyimbo na makofi, na nilipopita baada ya muda hapakubaki ila vijiti, kwa kuwa mahali pale hapakuwa pa mkoko, na maji ya kujaa yalikuwa yakiifunika miche mno. Akina mama wa hapo walikuwa wanajua, lakini hawakuulizwa. Wao hupanda kidogo kidogo, hurudi kila bamvua kutazama, na huziba mapengo. Na wasiwasi wao mkubwa ni maji ya chumvi yapandayo mtoni na kuingia katika mashamba ya mpunga na miembe ya Ozi wakati mto unapopungua nguvu.

Kuna sasa vijana wa Ulaya wanaolipa fedha nyingi ili wapate kujitolea pwani, na kuna wenyeji wanaowacheka kwa ajili hiyo. Mimi siwacheki, maadamu fedha hizo zinanunua mafuta ya boti na buti za walinzi. Bali kijana wa Hola au Garsen aliyemaliza shule naye aweza kuanza bila ya senti, kwa kuuliza ofisi ya Shirika la Wanyamapori au hifadhi ya jamii iliyo karibu naye, akachukua daftari na kalamu ya risasi, maana wino hufutika mtumbwini, akaja na viatu vya kulowa.

Tulipotoka mwituni siku ile, karani wa hesabu alitaka majina ya waliohesabu, ili ayatie chini ya karatasi. Nilimtajia langu, nikageuka kumwuliza mzee jina lake kamili. Alikuwa amekwisha kwenda. Nilimwona kwa mbali akipanda dungu lake, akilikokota debe la kugonga usiku, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.