Prosesa Ikikoma Kutengenezwa, Nani Hulipa?

Hadi mwaka 2003, magari ya mizigo ya Lindi na Mtwara yaliyokwenda Dar es Salaam yalivuka mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka huo, njia ya kuvukia ilibadilika lakini mzigo ulibaki ule ule.

Katika kompyuta mambo si mepesi hivyo. Programu huandikwa na watu, kisha hutafsiriwa kuwa amri za aina moja ya prosesa, yaani chipu inayofanya kazi zote za hesabu. Prosesa ya aina nyingine haizielewi amri hizo, hivyo mzigo wote hulazimika kufungwa upya.

Mfano ni OpenVMS, mfumo endeshi wenye wateja wachache lakini wazito, wakiwemo mabenki na viwanda. Ulitangazwa mwaka 1977 na kampuni ya Digital ya Marekani kwa ajili ya mashine za VAX. Tangu hapo umehama mara tatu: mwaka 1992 kwenda prosesa za Alpha, mwaka 2005 kwenda Itanium, na mwaka 2022 kwenda x86-64, aina iliyomo katika kompyuta nyingi za ofisini.

Uhamisho wa mwisho ulilazimishwa na soko. Itanium ilikosa wanunuzi, na Intel ilisitisha kuziuza mwaka 2021. Kampuni ya HP, iliyokuwa imeurithi mfumo huo, ilitangaza mwaka 2013 kwamba haitauendeleza. Mwaka 2014 kazi ilichukuliwa na kampuni ndogo ya VMS Software, na ilichukua takriban miaka minane. Sehemu kubwa ya mfumo ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya VAX yenyewe. Aidha, VAX ilikuwa na ngazi nne za kulinda kumbukumbu ilhali x86-64 ina mbili, hivyo pengo lilizibwa kwa programu.

Kwa mfanyabiashara anayenunua mfumo wa hesabu, au mwekezaji anayetaka hisa za kampuni inayotegemea mitambo ya zamani, maswali ni matatu. Je, prosesa yake bado inatengenezwa? Nani ana maandishi asilia ya programu? Gharama ya kuhama italipwa na nani?

Aliyepoteza maandishi asilia hana cha kutafsiri upya. Hubaki kutafuta vipuri vya mitumba, au kulipia programu ya kuiga mashine ya zamani.