Sweta Lililomtosha Kaka Mtu

Sweta lilikuwa la mpwa wangu wa miaka 6. Mpango niliuandika daftarini mwezi Februari: mgongo wiki mbili, kifua wiki mbili, mikono wiki tatu, kuunganisha wiki moja. Masika yakikolea hapa Kigali, mtoto awe amelivaa. Nililimaliza Juni, mvua zimekwisha kitambo, na likamkaa vizuri kaka yake wa miaka 11.

Naomba nieleweke: mimi si mgeni wa mipango. Kwa miaka mingi nimekula kwa kuandika maandiko ya miradi, yale yenye majedwali ya shughuli, muda, mhusika na bajeti. Kwa hiyo nilipoamua, nikiwa na miaka 46, kujifunza kufuma, nilichora jedwali kabla sijanunua hata sindano. Kwenye safu ya mhusika niliandika: mimi. Vijana wa pale kona, Biryogo, waliponiona na donge la uzi mapajani waliuliza nani anatarajia mtoto nyumbani.

Mwalimu wangu alikuwa hajati mmoja jirani, mwenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma mpaka kwenye mikono. Siku ya kwanza nilimwonyesha maelekezo niliyoyapata mtandaoni. Aliyaangalia kama mtu anavyoangalia picha ya mtoto wa watu, akanirudishia. "Mwanangu, kwanza nifumie kipande kama hiki," akaonyesha kiganja chake. "Halafu tuongee."

Sikukifuma. Nilikuwa na ratiba.

Kipande kile kina kazi gani, nilikuja kuelewa baadaye kwa rula. Maelekezo yalitaka vishono 22 kwa kila sentimita 10, na mgongo wa vishono 75, yaani sentimita 34 hivi. Lakini aliyeyaandika alikuwa na mkono wake na uzi wake. Mkono wangu ulikuwa mlegevu, kama wa kila anayeanza akiogopa sindano isikwame, na uzi wangu ulikuwa mnene kidogo. Nilipopima, kwangu sentimita 10 zilimeza vishono 18 tu. Vishono 75 vilevile, nimevihesabu bila kukosea hata kimoja, vikatoa karibu sentimita 42. Zidisha mara mbili, mgongo na kifua: badala ya mzunguko wa sentimita 68, nina 83. Taarifa ya utekelezaji ingesema lengo limefikiwa kwa asilimia mia. Vishono vyote vimo.

Nimewahi kuona jambo hili likifanyika kwa fedha za watu. Shirika moja, miaka hiyo, lilikipa kikundi cha akina mama mashine za kufumia sweta za shule. Mafunzo yalifanyika, picha zikapigwa, nami nikaandika ripoti ambayo leo sipendi kuisoma. Hakuna aliyewapa akina mama wale uzi wa sweta tatu tu, wauze hizo kwanza, tuone nani ananunua na kwa bei gani. Uzi wa mradi ulipokwisha, mashine zilifunikwa vitenge. Moja niliikuta imewekewa televisheni.

Na uzi wenyewe ni habari ndefu. Hajati ananiambia zamani uzi mzuri waliupata sokoni, kwenye sweta za caguwa, yaani za mtumba. Neno hilo Kinyarwanda kililitwaa kwetu Waswahili: chagua, kwa sababu unainama kwenye lundo unachagua. Unanunua sweta kuukuu la sufu, unalifumua, unaosha uzi, unauning'iniza na kitu kizito ujinyooshe, kisha unafuma upya. Mwaka 2016 ushuru wa nguo hizo ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate pumzi. Mwaka 2018 Marekani nayo ikajibu kwa kusimamisha nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika, kwa nguo zinazotoka Rwanda. Sina ugomvi na nia ya sera. Ila sidhani kama katika mikutano ile yote kuna aliyemkumbuka bibi ambaye kwake sweta la mtumba ni malighafi.

Nayasema haya nikiwa nimekaa barabarani, na simaanishi kando ya barabara. Mwaka 2021, wakati wa korona, Jiji la Kigali lilizuia magari kwenye mitaa ya hapa Biryogo ili migahawa iweze kutoa meza nje, watu wakae kwa nafasi. Lami ikapakwa rangi. Ilianza kama kujaribu, haja ikiwa ya siku zile, na mahali penyewe tayari palikuwa na watu: huu ni mtaa wa Waswahili wa Kigali tangu zama za wakoloni, na kukaa nje na birika la chai ya mnanaa hatukufundishwa na mradi. Korona imepita, meza zimebaki.

Linganisha na kule mjini. Barabara ya katikati ya jiji ilifungwa magari Agosti 2015, kwa wazo zuri kabisa. Kisha ikakaa miaka lami tupu juani, mtu anapita haraka kama anayevuka uwanja wa mpira. Mpaka ilipotengenezwa upya, ikawekwa viti na miti na kuitwa Imbuga City Walk, ilikuwa 2022. Sasa panapendeza, nami huenda. Lakini kati ya kufungwa na kukalika ilipita miaka 7 hivi, na kwa macho yangu Biryogo ilikuwa kile kipande cha kiganja ambacho mjini walikiruka.

Hata kituo cha akina mama cha Nyamirambo, jirani zetu, kilianzishwa 2007 na wanawake 18 tu. Ushirika wao wa ushonaji, Umutima, ulikuja 2013. Miaka 6 hiyo isingekubaliwa kwenye jedwali langu lolote.

Kiswahili kimeweka kufuma na kufumua jirani mno, herufi moja tu katikati. Wiki iliyopita nilianza sweta la pili, na nikafuma kipande cha kwanza: vishono 18. Nikachukua sindano nyembamba, nikapata 20. Nyembamba zaidi, 22, lakini kitambaa kikawa kigumu kama mkeka. Hajati alikibinya, akakinusa sijui kwa nini, akasema turudi kwenye zile za 20 na tupunguze vishono. Tukakokotoa nyuma ya risiti ya mgahawa: 34 kwa 20 kugawa kwa 10, vishono 68.

Nikaanza kufumua vile vipande. Mpwa wangu alikuwa amenyoosha mikono mbele, uzi unamzunguka viganjani, macho yako kwenye sambusa ya meza ya jirani. Aliuliza hili nalo ni la kaka.