Mwindaji, Mkulima na Safari ya Misri

Katika silsila ya masimulizi ya asili yasimuliwayo baina ya mto Mara na nyika za Serengeti, kimo kisa cha Wanata ambacho, kwa rai yangu, chastahili kukaa safu moja na hekaya bora za Alfu Lela Ulela, wala si kwa wingi wa maajabu, kwani maajabu yake ni haba, bali kwa ajili ya watu wawili waliomo. Nyamunywa ni mwindaji, Nyasigonko ni mkulima. Yule ana nyama, huyu ana nafaka. Na maadamu kila mmoja ana riziki ambayo mwenziwe ameikosa, kukutana kwao hakukuhitaji jini wala radi. Haja yenyewe ilitosha kuwasogeza, na msikilizaji husadiki.

Wenyewe huyahesabu masimulizi haya kuwa ni tarehe ya wazee wao, nami naiheshimu itikadi hiyo. Walakini tarehe nayo, ikishasimuliwa, yafaa kupimwa kama kisa.

Waikizu, jirani zao wa upande wa Bunda, wamekwenda mbali zaidi. Isamongo, mwindaji wao, ana moto. Nyakinywa, mwanamke mgeni, ana mvua. Na mapatano yao yametanguliwa na mashindano ya kuamua nani atawale. Tazama ustadi uliomo: suala zito la mamlaka halikukatwa kwa hotuba wala kwa upanga, limekatwa kwa tabia ya vitu vyenyewe, kwa kuwa moto haustahimili mvua.

Tukivuka mto Mara kwenda Tarime, mambo hubadilika. Wakurya humtaja Mokurya, baba wa kabila, na aghalabu huuanzia mwendo wake Misri. Safari ndefu kama hiyo ingalikuwa hazina kwa msimulizi, lakini mara nyingi hupimwa kwa majina ya mahali, si kwa mahitaji ya watu: nani alimfuata kwa mapenzi, nani kwa hofu, nani alibaki nyuma akinung'unika? Fauka ya hayo, asili ya Misri hudaiwa pia na Wagusii na baadhi ya Waluhya, hata ikawa haimpambanui Mokurya na yeyote.

Hata kisa cha Wanata hulegea pale uzao wa wale wawili unapogeuka orodha ya koo, nao wenyewe tuliowapenda wakatoweka. Sababu yake naielewa: orodha ya koo huonyesha nani ni ndugu wa nani, na ndoa na msaada wakati wa njaa vilitegemea jambo hilo. Wazee kadhaa wa mkoa wa Mara waliandika tarehe zao wenyewe, na Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani, akazikusanya na kuzichapisha mwaka 2003; kijana wa Mugumu, huko Serengeti, anayetaka kutunga hadithi ndefu na aanzie humo, atuambie Nyasigonko alinena nini usiku ambao mwindaji alirejea mikono mitupu.