Injini ya Mvuke: Mbona Newcomen Amesahauliwa?

Mpenzi msomaji, ukiuliza darasa lolote ni nani aliyevumbua injini ya mvuke, utajibiwa kwa sauti moja, "James Watt!" Tena mwingine atakutolea ile hadithi ya birika la chai. Mimi sikubali. Watt alizaliwa mwaka wa 1736, na injini ya mvuke ilikuwa ikifanya kazi tangu 1712.

Aliyeiunda ni Thomas Newcomen, Mwingereza wa mji wa Dartmouth. Hakuwa profesa, aliuza vyombo vya chuma, na kanisani alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Siku hizo migodi ilikuwa ikijaa maji. Newcomen na mwenzake John Calley wakajenga injini karibu na Dudley iliyotoa maji lita 45 hivi kutoka kina cha mita 46, mara 12 kwa dakika. Hebu fikiria hiyo ni mitungi mingapi kichwani!

Sasa sikiliza ajabu yake. Si mvuke uliofanya ile kazi nzito. Mvuke uliingia tu katika silinda, chini ya pistoni, kisha maji baridi yakarushwa humo. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, kwa hiyo mvuke ulipopoa ukawa matone, ndani pakabaki patupu. Hapo hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta, ikaishindilia pistoni chini, na boriti kubwa ikainua pampu upande wa pili. Kama huamini, tia maji moto katika chupa ya plastiki, yamwage, funga kifuniko upesi, halafu imwagie maji baridi. Utaiona ikijikunja yenyewe.

Linaloniuma ni hili. Thomas Savery alikuwa amekwisha kupata hati ya serikali mwaka wa 1698 ya kuinua maji kwa nguvu za moto, nayo ikaongezwa muda hadi 1733. Newcomen ikambidi afanye kazi chini ya hati ya mtu mwingine, na akafa mwaka wa 1729 kabla haijaisha.

Na Watt je? Yeye aliona makaa yakipotea bure kwa sababu silinda ilipashwa moto na kupozwa kila mara. Akabuni chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, akapata hati yake mwaka wa 1769. Simnyimi sifa. Lakini hayo aliyaona akitengeneza injini ndogo ya mfano iliyoharibika, mali ya Chuo Kikuu cha Glasgow, na mfano huo ulikuwa wa injini ya Newcomen.